Panya wa Juu Anakula Nini

Shemeji yangu Rizuane hakukataa. Angekataa ingekuwa afadhali, kwa sababu mtu aliyekataa unambembeleza, unamtumia shehe, unamsukumia dada yake mkubwa, mwisho analegea. Yeye aliuliza swali, kisha akaendelea kufua nazi.

"Huko juu ambako hakuoti kitu," alisema, "panya anakula nini?"

Alikuwa akimwuliza binti yake, Zuleica, aliyekaa mkekani karibu na lundo la makumbi. Zuleica alikuwa amemaliza chuo Pemba, ile ya Msumbiji, masomo ya wanyama na mimea. Mwalimu wake, mama mmoja wa Nampula aitwaye doutora Quitéria, alimpatia nafasi katika projecto ya mwaka mmoja: avuke Rovuma, apande mpaka Kilimanjaro, akaungane na watu wanaochunguza wanyama wadogo wanaoishi juu kabisa, mahali ambapo maji yanaganda na majani yamekwisha. Jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa. Nafasi ilikuwa moja na wengine walikuwa wakiingoja. Zuleica alikwisha kusema kwamba bila radhi ya baba yake haendi, na huyo mtoto akisema neno halirudi.

Mimi ni mjomba wake, Sufo, ndugu wa marehemu mama yake. Huku kwetu mjomba ana neno katika safari na ndoa ya mtoto wa dada yake, ila sharti mjomba mwenyewe awepo. Mimi maisha yangu yalikuwa Mtwara, yakawa Tanga, yakawa Moshi, yakarudi Mocímboa bandarini, yakaenda tena. Msimu ule ndipo nilipokuwa nimerudi Quionga, nimepewa chumba cha uani kwa Rizuane, nangoja miguu ipoe.

"Ndicho tunachokwenda kutazama, baba," alisema Zuleica.

"Utatazamaje? Utakula naye sahani moja?"

"Tunaokota kinyesi chake. Ndani ya kinyesi mna mabaki ya alichokula. Kuna mashine inasoma."

Rizuane alisimamisha nazi juu ya kifuo. "Nimepanda minazi ya nchi nzima hii ili usome. Sasa unakwenda ugenini kuokota mavi ya panya."

Jirani yetu Tiago, Mmakonde wa Nangade, alikuwa amekuja kuchukua mbata zake, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee Rizuane, mlete kwetu bara huyu. Panya tunamjua nje na ndani. Yeye anakula mihogo, sisi tunamla yeye. Utafiti umekwisha, mtoto anarudi nyumbani kwa chakula cha mchana."

"Wewe nyamaza, mla panya," Zuleica alimwambia, naye akicheka.

"Mla panya mwenye afya," alisema Tiago, akafunga gunia lake akaondoka.

Rizuane hakucheka, lakini uso wake haukuwa mbaya. Akanigeukia mimi. "Sufo, wewe umefika huko. Ulibeba mizigo ya wazungu. Panya wapo, au ni maneno ya vitabuni?"

"Wapo, shemeji."

"Umewaona kwa macho yako?"

"Kwa macho haya. Kambi ya juu kabisa, kwenye mawe matupu. Wanapita katikati ya miguu."

Nilimwona Zuleica ananitazama kwa shukrani, na kutazamwa hivyo kukanipa joto. Nikajiweka sawa kwenye kiti.

"Sasa wanakula nini?" Rizuane aliuliza.

"Wanakula kila kitu," nilisema. "Ugali, wali, sabuni, kamba za viatu. Soksi yangu waliila nikabaki na moja. Kila kitu, shemeji. Hawachagui."

Rizuane aliitoa ile nazi kwenye kifuo, kumbi likiwa limetoka nusu, akaiweka chini. Sijapata kumwona akiacha nazi katikati.

"Basi," alisema. "Mtoto haendi."

Akanawa mikono akaelekea msikitini, na adhana ilikuwa bado.

Zuleica alibaki akitazama ile nazi ya nusu. Hakulia. Alinyanyuka akaanza kukusanya makumbi, moja moja, akiyapanga kana kwamba kuna mtu atakuja kuyakagua. Nilimwuliza nimesema nini kibaya. Akasema, "Huna kosa, mjomba. Ulikuwa hujui." Na hakuongeza.

Aliyeongeza alikuwa Awa, dada mkubwa wa Rizuane, anayepika na kutawala pale nyumbani. Nilimfuata jikoni. Alikuwa akikuna nazi, amekaa juu ya mbuzi, na hakuinua kichwa.

"Umekuja kuuliza ulichofanya," alisema.

"Nimekuja kuuliza."

"Abdulcarimo unamkumbuka?"

Namkumbuka. Kaka yake Zuleica, mtoto mwenye mikono mirefu, alikuwa akimfuata baba yake mnazini. Nilipata habari Tanga kwamba amepotea. Jinsi alivyopotea sikupewa, na katika miaka ile ya vita waliopotea walikuwa wengi mno hata mtu haulizi mmoja mmoja.

"Kabla vita havijafika kwetu," alisema Awa, "alikuja mtu. Nguo safi, salamu nzuri, Kurani anaisoma vizuri. Akasema ana nafasi za masomo ng'ambo, kwa vijana wenye adabu. Abdulcarimo akataka. Rizuane akamwuliza yule mtu swali moja tu. Unalijua?"

"Silijui."

"Alimwuliza: mwanangu huko atakula nini? Yule mtu akacheka, akamshika bega, akasema: kila kitu, mzee." Awa alikung'uta mbuzi. "Kaka yangu akapanda mnazi, akamwangulia dafu."

Hapo nieleze, kwa wasiokuwa wa nyumba ile. Baba yake Rizuane alikuwa mkwezi, na babu yake pia. Mtu wa nyumba yao akisafiri, baba humwangulia dafu kwa mkono wake mwenyewe, hamtumi mtu. Msafiri anakunywa nusu, nusu ya pili anaimwaga kizingitini, ili arudi kuimalizia. Lile dafu tupu linatundikwa jikoni mpaka mwenyewe arudi. Hiyo ndiyo radhi yao. Maneno hayasemwi. Dafu likishaanguliwa, baba amekubali, na lisipoanguliwa, hata msafiri apewe dua na msikiti mzima, ameondoka bila radhi.

"Hakurudi," alisema Awa. "Walimpeleka porini, si ng'ambo. Wengine walisema wamemwona huko Mbau, ana bunduki, wengine walisema alikufa njaa. Hatujui. Dafu lake liliungua na nyumba tulipokimbilia Pemba, ndiko Zuleica akasomea. Toka siku hiyo kaka yangu ameangua nazi za kuuza, za kupika, za arusi za watu. Dafu la msafiri hajaangua. Mimi mwenyewe, tuliporudi, nilikwenda Pemba kutibiwa macho bila dafu, na mimi ni dada yake."

Nilikaa juu ya kinu kilicholala.

"Ungesema wanakula ugali, ukanyamaza, ungekuwa umesema kweli na ikatosha," alisema Awa. "Lakini wewe Sufo kweli haijapata kukutosha. Sogea, nataka moto."

Asubuhi yake nilimkuta Rizuane shambani, anafunga bati kwenye shina la mnazi. Wakwezi hufanya hivyo ili panya wasipande: bati linateleza, panya akifika hapo anarudi. Nilimshikia bati akapiga misumari. Tulifanya miti kadhaa.

"Jana niliongeza chumvi," nilimwambia.

"Najua. Nimekujua toka unaposa kwa niaba ya wenzio."

"Nataka kukwambia nilichokiona, hicho hicho."

"Sema. Mikono yangu ina kazi, masikio hayana."

Nikamwambia. Msitu wa chini sikuujua, tulikuwa tukiupita na mizigo, haraka. Ukitoka msituni unaingia kwenye majani marefu, na hapo panya ni wengi, wana mistari mgongoni kama waliochorwa. Hao niliwaona wamekaa kitako, wameshika shuke la nyasi kwa mikono miwili, wanapukuchua mbegu. Juu yake kuna mabonde yenye mmea uliosimama kama nguzo, majani yake makubwa, ambayo jua likizama yanajifunga kama kabichi. Pale yuko pimbi. Anakula majani ya ule mmea, na ukinyamaza unamsikia akitafuna.

"Pimbi si panya," alisema Rizuane.

"Si panya. Ni kama sungura asiye na masikio. Nakwambia nilichokiona."

"Endelea."

"Kambi ya juu ni mawe. Nyasi zipo vichakavichaka nyuma ya majabali, ambako upepo haufiki. Panya wa hapo anakula chetu. Wali, ukoko wa ugali, maganda ya viazi."

"Sabuni?"

"Anaonja. Anaacha."

"Kamba za viatu?"

"Zilikatwa. Aliyekata sikumwona."

"Soksi?"

"Soksi huenda niliipoteza."

Rizuane alipiga msumari mmoja mpaka ukazama. "Na wapagazi wakiwa hawapo? Masika, mlima hauna mtu. Anakula nini?"

Hilo nililifikiria kabla sijajibu. "Mwaka mmoja kundi letu lilikuwa la kwanza kupanda baada ya mvua. Nilimkuta panya juu ya jabali, anakwangua. Mawe ya huko yana ukoga mkavu, kama huu." Nikamwonyesha kwenye shina la mnazi yale mabaka meupe na ya kijivu yanayoganda kama magamba. "Sikujua anakula ukoga wenyewe au anaokota kitu kilichonasa humo. Nilikuwa na mzigo kichwani, sikusimama."

"Na juu ya hapo?"

"Juu ya hapo panya sikumwona. Buibui nilimwona. Mavi nayo niliyaona, madogo, kama ya panya, chini ya jiwe. Mwenyewe hakuwepo."

"Aliyekata kamba hukumwona, mwenye mavi hukumkuta."

"Ndiyo ilivyokuwa."

Aliweka nyundo chini. Akatazama juu ya mnazi, kwa desturi yake, kama mwingine anavyotazama saa.

"Mimi najua hivi," alisema. "Kinachoishi juu, ama kinashuka kula, ama chakula kinakipandia. Panya wa mnazi akishapanda hashuki. Anazaliwa juu, anazaa juu, anatoboa vitale, zile nazi changa, na vitale mnazi wenyewe unampandishia kutoka chini. Sasa mlima wa mawe unampandishia nini?"

"Sijui, shemeji."

Alinitazama kidogo. "Sema tena."

"Sijui."

"Toka nimwoe dada yako sijalisikia neno hilo kinywani mwako." Akaokota nyundo. "Na huyo mama wa Nampula, anajua?"

"Tumpigie."

"Kireno changu ni cha sokoni. Kinaishia kwenye kilo."

"Changu ni cha bandarini. Kina matusi mengi, lakini kitafika."

"Nitamwuliza swali hilo hilo," alisema Rizuane. "Akinijibu kama alivyonijibu yule, au kama ulivyonijibu wewe jana, msinitajie tena jambo hili. Wewe wala mtoto."

Rede, mtandao wa simu, pale kwetu haishiki nyumbani. Inashika juu ya kichuguu kando ya barabara iendayo Palma, na ukipita jioni utawaona watu wamesimama pale wakizungumza na watu wa mbali, kila mmoja amegeukia upande wake. Tulikwenda baada ya swala ya alasiri. Zuleica alipiga namba, simu ilipoanza kuita baba yake akamwambia anipe mimi.

"Mimi naweza kutafsiri, baba. Mjomba Kireno chake..."

"Wewe unaomba. Anayeomba hawi mkalimani. Simama kule kwenye mkorosho."

Alikwenda akasimama kwenye mkorosho, mikono ameifunga, anatutazama. Umbali ule alikuwa haambulii neno, ila labda upepo umhurumie.

Doutora Quitéria aliitika. Sauti ya mtu mzima, nyuma yake kelele za wanafunzi. Niliiweka simu isikike kwa wote, nikamsalimu, nikamwambia baba wa Zuleica yupo, anaheshimu kazi yake, ana swali. Akasema maswali anayapenda, tuulize. Nikamwuliza, kwa Kireno cha kupakua magunia: huko juu kabisa, ambako hakuoti kitu, panya anakula nini?

Nikasikia mlango unafungwa na zile kelele zikakatika. Kisha akasema, "Não sabemos."

Hatujui.

Nasema kweli, mdomo wangu ulikwisha kuandaa kitu kingine. Nilikuwa nimeandaa mbegu, na mizizi, na wadudu wa aina tatu, majibu mazito ya mwalimu wa chuo. Mtoto yuko kwenye mkorosho, nafasi ni moja, na mwalimu mwenyewe aliyeitoa anasema hajui. Nilimwona Rizuane ananitazama mdomo.

"Anasema hawajui," nilisema.

"Nimesikia," alisema Rizuane. "Não sabemos hiyo haihitaji mkalimani. Tumeisikia kwenye madirisha ya serikali toka enzi za Wareno. Mwulize, kama hawajui, anampeleka mwanangu kufanya nini?"

Nikauliza. Mama akacheka, kicheko kifupi, kisha akazungumza kwa kirefu, nami nikimkimbiza kwa Kiswahili. Alisema hiyo ndiyo sababu wanamtaka Zuleica. Wamewapata panya mahali ambapo kwa hesabu zao hapana chakula cha kuwatosha. Wapo wanaosema wanakula ukoga wa mawe, na ukoga hauna nguvu, mtu angeukwangua mchana kutwa akalala na njaa. Wapo wanaosema wanashuka kula kisha wanapanda tena. Yeye anaamini ni upepo: upepo unatoka chini na mbegu na wadudu, ukifika juu unachoka, unavidondosha kwenye nyufa za mawe. Mwenzake wa Moshi haamini. Wamebishana mwaka mzima, na kila mmoja anamwona mwenziwe mkaidi.

"Upepo," alirudia Rizuane.

"Anasema huenda yeye ndiye mwenye makosa," nilitafsiri. "Anasema akikosea itambidi amnunulie mwenzake chakula cha jioni, naye anakula sana."

Rizuane alikuna kidevu. Kisha akauliza kile ambacho nilijua kinakuja. "Na mwanangu atakula nini?"

Nikageuza. Yule mama hakucheka sasa. Alisema ugali, wali, maharage, kabichi, dagaa, chai ya tangawizi asubuhi na jioni. Mkate unakauka kama mbao. Nyama ni mara moja moja. Alisema siku za kwanza hatakula vizuri, kwa sababu kimo kile kinaua hamu ya chakula, na kichwa kinauma, na wengi hutapika. Asipotapika amshukuru Mungu, akitapika sana anateremshwa, na kuteremshwa si aibu, hata yeye mwenyewe alipata kuteremshwa mgongoni kwa mtu.

Hayo niliyageuza yote, pamoja na kutapika. Sikupunguza wala kuongeza.

"Atalala na nani?"

"Hema moja na fundi wa maabara, jina lake Dércia. Mama wa watu wazima. Anakoroma, na doutora anasema tumwambie Zuleica mapema asije akalaumu," nilitafsiri.

Rizuane alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akasema nimwambie ahsante. Nikamwambia. Mama akasema atangoja mpaka Ijumaa, akamsalimu na mke wake. Sikumweleza kwamba mke hayupo. Simu ikakatika.

Zuleica alikuja kutoka kwenye mkorosho. "Kasemaje?"

"Kasema hajui," alisema baba yake, akashika njia ya nyumbani.

Huyo mtoto alinitazama, na nilivyomwona nikajua amehesabu jambo limekwisha. Tulirudi watatu kwa mstari, Rizuane mbele. Njiani alikutana na watu akawaitikia salamu, akamwuliza mmoja habari za mguu wake, akafika nyumbani, akachukua kamba yake ya miguuni na panga. Mimi nikasema moyoni, ni dafu. Lakini hakwenda kwenye minazi ya madafu. Alikwenda kwenye mnazi mmoja ulio nyuma ya choo, mrefu kuliko yote, mnazi tasa. Haujapata kuzaa, na kila mwaka anasema ataukata awe na mbao.

"Kaka," alisema Awa kutoka jikoni, "huko unafuata nini? Hauna hata kidaka."

"Ndiyo maana."

Alipanda. Sasa ana umri, anapumzika njiani, shavu ameliegemeza kwenye shina. Alifika akapotea ndani ya makuti. Tulisikia panga likikata kitu laini, vumbi likashuka, Zuleica akajifunika macho. Kisha akashuka na furushi limefungwa kiunoni: kilifu, ile nguo ya mnazi inayoshikilia makuti, ameikata nzima na kuikunja ili kilichomo kisimwagike.

"Lete ungo," alimwambia dada yake.

Awa alileta ungo. Rizuane akakunjua kilifu, akakikung'uta taratibu juu yake, akauweka mbele ya Zuleica.

"Mnazi huu hauna chakula," alisema. "Panya hawaupandi, hawana cha kufuata. Nyoka hapandi, hana panya. Nimeuchagua kwa hiyo. Niambie hiki ni nini."

Zuleica aliinama. Alianza kutenga kwa kidole, na nilivyomtazama nikaona kwamba ameshasahau Ijumaa. Mchanga, kiasi cha konzi moja. Mbegu za nyasi, nyingine zimekwisha kuota, kijani kidogo kama uzi. Mbawa za kumbikumbi, nyingi, zimelundikana. Mguu wa panzi. Unyoya wa ndege. Kipande cha jani la mkorosho, na mkorosho wa karibu ni ule wa barabarani.

"Mchanga umepandaje?" aliuliza Rizuane.

"Upepo, baba."

"Na kumbikumbi?"

"Wanaruka wenyewe, wakichoka upepo unawachukua."

"Mimi nimevipangusa vitu hivi miaka yote vikiniingia machoni," alisema. "Sikupata kujiuliza nani anavileta." Akachukua ubawa mmoja wa kumbikumbi, akaupuliza, ukaenda. "Lakini mnazi ni mfupi. Mlima ni mrefu."

"Hata upepo wa huko si huu."

"Kwa hiyo ndicho anachokula panya wako. Hiki hapa."

Zuleica aliendelea kugeuza zile mbegu kwa kidole. Alikuwa akijua, kama nilivyokuwa nikijua mimi, kwamba neno moja lingetosha: ndiyo. Baba ameupanda mnazi, ameleta jibu mwenyewe, anataka kukubaliwa. Awa alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Nilitaka kumsaidia mtoto nikajizuia, na kujizuia kwangu ni kazi.

"Huenda," alisema Zuleica. "Hiki kingemtosha panya mmoja siku moja, labda mbili. Mwaka mzima sijui. Inabidi nikaone."

Rizuane alimtazama. "Huenda," alisema, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Sijui. Inabidi nikaone." Akasimama, magoti yakalia. "Yule aliyemchukua kaka yako alijua kila kitu. Hapakuwa na nililomwuliza akasema ngoja nikatazame."

 Akakikunja kile kilifu kitupu, akakiweka kando.

Alichukua tena ile kamba. Sasa alikwenda kwenye mnazi ulio mbele ya nyumba, mfupi wa madafu, akavaa kamba miguuni. Awa akaweka mwiko chini. Rizuane alipanda bila kupumzika, akachagua kwa kugonga na mgongo wa panga, mara kwenye kole hili mara kwenye lile, akakata moja. Hakuliangusha. Alishuka nalo, kikonyo akiwa amekishika kwa meno.

Akalichonga, akampa Zuleica. Mtoto alikunywa amesimama, alikunywa bila kusita mpaka nusu, akaenda mlangoni akainama, akamwaga iliyobaki kizingitini. Maji yakaingia mchangani.

"Mwambie mwalimu wako kabla ya Ijumaa," alisema Rizuane. "Na mkijua anakula nini, unipigie wewe mwenyewe. Usimpe habari mjomba wako aniletee. Atakuja na soksi."

"Nitakupigia, baba."

"Hata mkikosa kujua, unipigie."

Akaingia jikoni na lile dafu tupu. Boriti ya jiko ilikuwa mpya, ya baada ya vita, haijapigwa kitu. Aliomba nyundo, nikampa. Akapigilia msumari mmoja, akapima kwa mkono upana wa dafu, akapigilia na wa pili kando yake. Dafu la Zuleica akalitundika kwenye wa kwanza. Wa pili, mahali pa dafu lililoungua, akauacha mtupu, akanirudishia nyundo, akatoka nje kuimalizia ile nazi aliyoiacha nusu.